Anwani ya riwaya ya kisayansi: Neno la kubuni huzaliwa vipi?

KIJANA mmoja wa mtaa wa Section 58, Nakuru, aliniletea mswada wake nimsomee. Zilikuwa kurasa mia mbili na ushei zilizopigwa chapa na kufungwa kwa uzi.

Ndani yake mlikuwa na hadithi ya jiji lililojengwa chini ya kreta ya Menengai, miaka mia moja kutoka sasa. Wakazi wake wanaishi kwa mvuke wa ardhini baada ya Ziwa Nakuru kufurika na kumeza nusu ya bonde.

Hadithi ilinivutia. Kilichonikwaza ni anwani. Juu ya ukurasa wa kwanza alikuwa ameandika, kwa herufi kubwa, neno moja tu: ZAXTRON.

Nilimwuliza lina maana gani. "Halina maana, Mwalimu," akanijibu. "Nilitaka tu lisikike kama la kisayansi."

Nikamwuliza tena: mwuza vitabu atalitamkaje? Na nyanya yake akitaka kujua mjukuu ameandika kitabu gani, ataambiwa nini? Kijana akacheka, kisha akanyamaza. Makala haya yamezaliwa na kimya kile.

Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Kwa kitabu, kauli hiyo ni kweli mara mbili, maana anwani ndiyo inayomfikia msomaji kabla ya sentensi ya kwanza. Hapa Kenya mwanafunzi wa sekondari anaijua hoja hii vyema, kwani swali la kueleza "ufaafu wa anwani" ni la kawaida katika mitihani ya fasihi.

Waandishi wetu wengi wamelijibu swali hilo kwa kuegemea misemo ambayo msomaji anaifahamu. Marehemu Ken Walibora aliita riwaya yake 'Kidagaa Kimemwozea', na kila aliyekulia katika Kiswahili alijua papo hapo kwamba kuna mtu mambo yamemharibikia. Hata 'Siku Njema' na 'Chozi la Heri' ni maneno ya kila siku yaliyopewa mzigo mpya.

Lakini mwandishi wa bunilizi ya kisayansi ana shida ya pekee. Anaandika kuhusu vitu ambavyo havijakuwapo: sayari isiyofikiwa, mtambo usiotengenezwa, jamii isiyozaliwa. Wahenga hawakuacha methali ya kuelezea chombo cha angani. Mara nyingi hana budi kubuni neno.

Na hapo ndipo hatari ilipo. Akibuni vibaya, atakuwa amethibitisha ile dhana ya siku nyingi kwamba sayansi haina makao katika Kiswahili. Kijana wa Nakuru anayeita mji wake wa kesho 'Zaxtron' anamwambia msomaji, pasipo kukusudia, kwamba kesho ni ya watu wengine.

WALE NI SISI

Mfano bora kabisa tulio nao ni wa hapa nyumbani. Mwaka 1995 shirika la East African Educational Publishers la Nairobi lilitoa riwaya ya Katama Mkangi iitwayo 'Walenisi'.

Mkangi alikuwa mwanasosholojia kutoka pwani ya Kenya na mhadhiri wa chuo kikuu. Mwaka 1986, wakati wa utawala wa chama kimoja, alitiwa kizuizini. Mwaka 1997 aliwania urais, na mwaka 2004 akafariki katika ajali ya barabarani. Kabla ya 'Walenisi' alikuwa amekwisha kuandika 'Ukiwa' na 'Mafuta'.

Katika 'Walenisi', mhusika mkuu Dzombo amehukumiwa kifo na watawala wa nchi yake. Adhabu yenyewe ni kutiwa ndani ya chombo na kurushwa angani asirudi tena. Dzombo anafaulu kukimudu chombo hicho na kutua katika sayari iitwayo Walenisi, ambako watu wanaishi kwa usawa.

Msomaji akilitazama jina hilo mara ya kwanza, huliona geni. Akilitamka polepole, linafunguka lenyewe: wale-ni-sisi. Silabi moja tu ya mwisho imemezwa. Sayari ya mbali kupita zote inageuka kioo, na wale tuliodhani ni wageni ni sisi wenyewe tungekuwa kama tungeishi kwa haki.

Tazama jinsi kazi hiyo ilivyofanywa. Kwanza, neno linaanza na 'wa-', kiambishi cha ngeli ya watu katika wingi. Kabla hata ya kujua maana, sikio la Mswahili limekwisha kulipanga karibu na Wakenya, Waswahili na Wazaramo. Linasikika kama jina la umma.

Pili, halina sauti hata moja ambayo mtoto wa shule ya msingi hawezi kuitamka. Ugeni wake haumo katika herufi, bali katika mpangilio.

Tatu, Mkangi hakubuni kila kitu. Shujaa wake anaitwa Dzombo, jina lenye sauti ya Kimijikenda na ambalo pia ni la kilima huko Kwale. Mhusika amebeba kwao, na sayari imebeba jipya. Msomaji hapotei, kwa sababu ana mtu wa kumshika mkono.

Nne, na hili ndilo kubwa, jina ni hoja ya kitabu kizima. Ukiondoa anwani, umeondoa ujumbe. Mtahini akiuliza ufaafu wake, mwanafunzi hatakosa la kusema.

KEZILAHABI, MKUFYA NA WAMITILA

Mkangi hakuwa peke yake. Miaka ile ya 1990 na mwanzo wa 2000, riwaya ya Kiswahili iliuacha kidogo uhalisia na kuanza kusafiri katika ulimwengu wa ndoto, wa wafu na wa baada ya maangamizi. Si zote ambazo mhakiki ataziita za kisayansi, lakini zote zilikabiliwa na swali lile lile la jina.

Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe aliyefariki mwaka 2020, alitoa 'Nagona' mwaka 1990 na 'Mzingile' mwaka 1991. Anwani hizi mbili zinafuata njia mbili tofauti.

'Nagona' ni neno ambalo msomaji wa kawaida halipati katika kamusi. Ni la Kibantu kwa sauti, ila maana yake imefungwa ndani ya kitabu. Anayetaka kuijua hana njia ila kusoma, na hata akimaliza ataendelea kubishana na wenzake.

'Mzingile' si jipya kabisa. Kiswahili cha zamani kina 'mzingile mwambiji', yaani njia zinazopindana na kumzungusha mtu asijue pa kutokea. Kezilahabi alichukua nusu ya neno lililokuwa likififia akaliweka juu ya jalada. Kufufua neno pia ni kubuni.

Mtanzania mwingine, William Mkufya, aliita riwaya yake ya mwaka 1999 'Ziraili na Zirani'. Ziraili msomaji anamjua: ni malaika mtoa roho. Zirani hamjui. Lakini majina hayo mawili yanafanana kwa sauti kama mapacha, na lile linalojulikana linalitambulisha lisilojulikana. Hii ni hila nzuri kwa mwandishi anayeogopa kumtisha msomaji.

Hapa Kenya, Kyallo Wadi Wamitila alitoa 'Bina-Adamu!' mwaka 2002. Hakuunda neno jipya. Alilikata la zamani. Kwa kistari kifupi na alama ya mshangao, 'binadamu' tunayemtaja kila siku bila kumfikiria anarudishwa kwa babu yake Adamu, na msomaji anashtuka kana kwamba analiona neno hilo kwa mara ya kwanza.

Miaka miwili baadaye Wamitila alileta 'Musaleo!'. Humo sikio linasikia 'Musa' na linasikia 'leo'. Mtu wa kale wa vitabu vitakatifu amewekwa katika siku yetu kwa neno moja lisilo hata na nafasi katikati.

Ukiziweka anwani hizi pamoja, utaona jambo. Hakuna hata moja iliyotegemea herufi x, q au tarakimu ili ionekane ya ajabu. Zote zimetoka ndani ya Kiswahili au ndani ya sauti za Kibantu.

WALIVYOFANYA WENGINE ULIMWENGUNI

Mtu asidhani huu ni ushamba wetu. Walimwengu waliobuni maneno yaliyodumu walifanya vivyo hivyo.

Mwaka 1516 Thomas More, Mwingereza aliyeandika kwa Kilatini, aliita kisiwa chake Utopia. Alilitoa neno hilo katika Kiyunani, na maana yake ni mahali pasipokuwapo. Hata hivyo alicheza na sauti, kwani mwanzo wa neno unakaribiana na neno la Kiyunani la wema. Pasipokuwapo na mahali pema vikakaa katika neno moja. Ndicho alichokifanya Mkangi karne nyingi baadaye.

Samuel Butler, mwaka 1872, aliita nchi yake Erewhon. Ni neno la Kiingereza lenye maana ya 'si popote' lililogeuzwa kinyumenyume, ila herufi mbili zimeachwa katika mpangilio wake ili litamkike.

Mwaka 1920 Karel Čapek aliandika mchezo wa kuigiza kuhusu watu waliotengenezwa kiwandani. Alitafuta jina la kuwaita, na ndugu yake Josef akampa neno lililotokana na 'robota', ambalo kwa Kicheki ni kazi ya shokoa. Leo sote tunasema roboti. Dunia nzima inatumia neno la wakulima wa Ulaya ya Kati waliofanyishwa kazi kwa nguvu, kwa sababu mwandishi hakuona haya kuchota katika lugha yake.

Kiswahili nacho kimechotwa na wageni. Mwaka 1966 tamthilia ya televisheni ya Marekani, Star Trek, ilikuwa na afisa wa mawasiliano aitwaye Uhura. Mwigizaji Nichelle Nichols alisimulia kwamba siku ya majaribio alikuwa amebeba riwaya iitwayo 'Uhuru' ya Robert Ruark, inayohusu Kenya. Herufi moja ya mwisho ikabadilishwa, na uhuru wetu ukapaa kwenye nyota.

Mwaka 2015 mwandishi Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, aliita kisa chake cha msichana anayesafiri angani 'Binti'. Kilishinda tuzo za Hugo na Nebula. Neno ambalo sisi tunalitumia jikoni na sebuleni, wasomaji wa Kiingereza walilipokea kama neno la ajabu lenye mvuto.

Hata filamu ya Wanuri Kahiu, Mkenya mwenzetu, iliyotoka mwaka 2009, ilibeba neno fupi la Kiswahili: 'Pumzi'. Inahusu dunia iliyokauka baada ya vita vya maji, na watu wanaoishi ndani ya majengo yaliyofungwa. Jamii yao inaitwa Maitu. Kwa Gikuyu hilo ni neno la mama, lakini filamu inalikata upya na kulipa maana ya 'ukweli wetu'. Mbinu ni ile ile ya 'Walenisi', katika lugha nyingine ya nchi hii hii.

LUGHA YETU INA KARAKANA YAKE

Swali sasa ni hili: mwandishi chipukizi aanzie wapi? Aanzie pale ambapo Kiswahili chenyewe huundia maneno yake.

Njia ya kwanza ni kuunganisha na kufupisha. Chakula cha jioni kimekuwa 'chajio', na cha mchana 'chamcha'. Tarakilishi imebeba tarakimu ndani yake. Ilipokuja ile ya kuwekwa mapajani, wataalamu walichukua kitenzi 'pakata' wakakiambatanisha na tarakilishi, wakapata 'kipakatalishi'. Mtu anaweza kuyacheka maneno haya, lakini yanaonyesha kwamba mshono wa lugha unashika.

Njia ya pili ni kufufua. Marehemu Ahmed Sheikh Nabhany, mshairi wa Lamu aliyefariki mwaka 2017, alipenda kuingia katika lahaja za kaskazini na kutoka na maneno ya kale ya kuvisha vitu vipya. Yeye ndiye anayetajwa kwa neno 'runinga', ambalo leo linasikika katika taarifa za habari. Mwandishi wa riwaya ana ruhusa ya kufanya hivyo bila kungoja kamati yoyote.

Njia ya tatu ni kulipa neno la zamani kazi mpya. Kifaru wa porini amekuwa kifaru wa vitani. Neno halikubadilika; macho yetu ndiyo yaliyobadilika.

Njia ya nne wengi wameisahau, nayo ni kinyume. Waswahili wa zamani walikuwa na mchezo wa kuficha maneno kwa kuihamisha silabi ya mwisho mbele, hivi kwamba nyumba ikawa 'mbanyu' na maji yakawa 'jima'. Kwa kuwa silabi zetu huishia kwa irabu, neno lililogeuzwa bado hutamkika. Butler alilazimika kulirekebisha neno lake. Sisi hatuna haja. Vijana wa Sheng wanaujua mchezo huu vizuri.

Jaribu kwa 'dunia'. Ukiihamisha silabi ya mwisho utapata 'Aduni'. Sikiliza: ndani yake mna 'duni', na kando yake anapita 'adui'. Mwandishi anayetaka kusimulia dunia iliyogeuzwa juu chini na kuwa adui wa wakazi wake amepata anwani bila kutoka nje ya lugha.

Tena kuna hazina ya anga yenyewe. Wanamaji na wanajimu wa pwani walizijua Zuhura, Mirihi, Mushtarii na Zohali karne nyingi kabla ya roketi. Wakulima walikitazama Kilimia, lile kundi la nyota linalotangaza msimu, wakalipa jina kutokana na kulima. Tuna kimondo, tuna nyota yenye mkia. Anayesema Kiswahili hakina maneno ya anga hajainua kichwa usiku.

MAMBO YA KUPIMA

Baada ya kulipata neno, lipimwe. Nitataja vipimo vitano ambavyo nimeviona vinafaa.

Kwanza ni ulimi. Mpe mtu asiyekijua kitabu alisome neno kwa sauti. Akisita au akauliza linaandikwaje, rudi mezani. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na neno lisilokubali mkazo huo litabaki mgeni daima. Kitabu huuzwa kwa mdomo, kisichotamkika hakisimuliwi.

Pili ni ngeli. Hiki ni kipimo ambacho mwandishi wa Kiingereza hana haja nacho, ila sisi hatuwezi kukikwepa. Silabi ya kwanza ya neno humwambia msomaji anashughulika na nini. 'Ki-' itasikika kama chombo au lugha, 'U-' kama nchi au hali, 'M-' na 'Wa-' kama watu. Ukiita sayari yako 'Kirumba', msomaji atangoja kifaa.

Lakini ngeli ni baraka pia. Kutokana na Walenisi, mtu anaweza kuunda mwenyewe Mlenisi, Kilenisi na Ulenisi, na kila mmoja ataelewa kwamba hao ni raia, lugha na mfumo wao wa maisha. Shina moja limezaa ulimwengu. Jaribu kufanya hivyo kwa Zaxtron uone jinsi meno yatakavyoumia.

Tatu ni majirani. Nakuru ni mji wa makabila mengi, na neno lisilo na hatia katika Kiswahili linaweza kuwa tusi au kichekesho katika Kikalenjin, Kikuyu, Kiluo, Kikisii au Kiluhya. Hata yale mema hukaribiana kwa hatari. 'Maitu' ni mama kwa Mgikuyu, lakini badilisha irabu moja tu na Mswahili atasikia maiti. Aliye Section 58 ana bahati: akitembea kutoka mlango hadi mlango, amepata maabara ya lugha bila kulipa nauli.

Nne ni upekee. Tafuta kama neno tayari ni jina la kampuni, la dawa au la kitabu kingine. Fikiria pia kistari na alama za mshangao. Wamitila alikuwa na sababu ya kuziweka katika 'Bina-Adamu!', lakini mwenye kutafuta kitabu maktabani au kwenye intaneti huenda akaandika 'Binadamu' akakosa. Alama isiyo na kazi na iondolewe.

Tano ni ahadi. Neno la kubuni ni deni. Msomaji amekubali kubeba mzigo asioujua, na kitabu hakina budi kumlipa. Si lazima maana itolewe katika ukurasa wa kwanza, afadhali isitolewe. Lakini ikiwa msomaji atafunga kitabu bila kuona kwa nini jina lilikuwa hilo na si jingine, atahisi amepunjwa, na atakuwa na haki.

SI LAZIMA KUBUNI

Ni vyema pia kukiri kwamba anwani ya kubuni si sharti. Said Ahmed Mohamed aliingia katika ulimwengu wa mizimu na ndoto kwa anwani zilizo wazi kabisa: 'Babu Alipofufuka' mwaka 2001, na 'Dunia Yao' mwaka 2006. Maneno yote ni ya kawaida. Ajabu imo katika kuwekwa kwake pamoja, kwa maana babu hafufuki, na dunia tulidhani ni yetu.

'Pumzi' nayo ni neno la mtoto mchanga. Lakini likiwekwa juu ya hadithi ya watu wasioruhusiwa kutoka nje, linakuwa zito kuliko neno lolote la kubuni.

Kwa hiyo mwandishi na ajiulize: je, ninachokitaja hakina jina kweli, au nimeona uvivu kulitafuta? Ikiwa neno lipo, litumie. Ikiwa halipo, liumbe, lakini liumbe kwa udongo wa kwenu.

KUTOKA ZAXTRON HADI MVUKENI

Nirudi kwa kijana wetu. Tulikaa na mswada wake jioni nzima, tukiandika majina kwenye karatasi na kuyakata.

Nilimkumbusha kwamba hadithi yake haikutoka hewani. Uchimbaji wa mvuke katika Menengai ulianza mwaka 2011, na huko Olkaria, karibu na Naivasha, mvuke umekuwa ukizalisha umeme tangu mwaka 1981. Maji ya Ziwa Nakuru nayo yalipanda katika miaka ya 2010 hadi yakazifurusha familia zilizoishi kandokando yake. Kesho anayoiandika imekwisha kuanza nje ya dirisha lake. Kwa nini jina litoke mbali?

Alipendekeza 'Chini ya Menengai'. Lilikuwa jina zuri, ila lingeweza kuwa la kitabu cha jiografia. Alijaribu kuunganisha 'mvuke' na 'mji', akapata neno ambalo hata yeye alilitamka kwa tabu. Akajaribu kinyume, akacheka mwenyewe.

Kisha akatazama nje, kuelekea mjini, akaanza kutaja mitaa ya Nakuru moja baada ya mwingine: Kaptembwo, London, Free Area, Bondeni. Aliposema Bondeni, alinyamaza.

Bonde limepewa '-ni' likawa Bondeni, pahali pa kuishi watu. Mvuke ukipewa '-ni' je?

Aliandika: MVUKENI.

Ni neno ambalo halimo katika ramani yoyote ninayoijua, lakini kila Mkenya atalitamka bila kufundishwa. Lina ngeli ya mahali, kwa hiyo msomaji anajua kwamba kuna pa kwenda. Watu wake wanaweza kuitwa Wamvukeni. Na lina joto ndani yake.

Nilimwambia asiniamini mimi peke yangu, aende akalipime. Siku ya pili alirudi akaniambia amelitaja kwa watu kadhaa mtaani. Mama mmoja anayeuza mboga karibu na nyumba yao alimtazama na kumwuliza, "Mvukeni ni wapi, mwanangu?"

Zaxtron lilimfanya kila aliyelisikia aulize, "Hicho ni nini?" na kugeukia shughuli zake. Mvukeni lilimfanya mtu aulize ni wapi. Anayeuliza ni wapi amekwisha kukubali kwamba mahali papo, na pengine yuko tayari kupelekwa.

Mswada ungali una kazi. Kuna sura zinazohitaji kukatwa, na kuna mhusika anayekufa mara mbili bila maelezo. Mchapishaji naye atakuwa na maoni yake kuhusu anwani, kama ilivyo desturi ya wachapishaji.

Lakini kwa wale wote wanaoandika usiku, baada ya kazi, wakiota kuhusu sayari na mitambo kwa Kiswahili, ningependa walichukue jambo moja. Msikimbilie herufi ngeni ili muonekane mmefika mbali. Mkangi alituma mtu hadi sayari nyingine, na alipofika huko, jina alilolikuta lilikuwa limeandikwa kwa maneno matatu ambayo kila mtoto wa shule anayajua.